Dumu Linalorudi Tupu

Mume wangu anaendesha kreni kwenye ujenzi wa maghorofa. Asubuhi hupanda zile ngazi za chuma, na hashuki mpaka jua lizame. Huko juu hakuna choo, kwa hiyo miaka yote hanywi maji akiwa kazini. Madereva wengine hujisaidia kwenye kopo. Yeye anaona haya, utadhani ndege watakwenda kumsema. Wenzake wakampachika jina la Ngamia, naye akavimba kichwa.

Mwaka huu kiuno kilimkamata hadi akatambaa sakafuni. Daktari, mama mmoja asiyezungusha maneno, alimpima damu na mkojo, kisha akampiga picha. Figo la kulia lilikuwa na jiwe kubwa kama kokwa la parachichi.

"Bahati yako, jiwe lenyewe ni la asidi," akasema. "Linaweza kuyeyuka kwa dawa, bila kisu. Lakini unywe maji kutwa nzima, mkojo utoke mweupe. Usipokunywa, hilo figo tutalipoteza."

Nilishukuru hadi machozi yakanitoka. Kila asubuhi nilimpa dawa na dumu dogo la maji, na kila jioni dumu lilirudi tupu. Nikawatambia hata majirani.

Siku ya kurudi kupimwa, tulisindikizwa na mwenzake anayempa ishara kutoka chini, mtu wa maneno mengi. Tumekaa kwenye benchi, akaanza utani wake.

"Shemeji, mumeo siku hizi kawa msafi! Kioo cha kreni anakiosha kila siku, maji yanatudondokea sisi vichwani."

Nikamgeukia mume wangu. Akainamisha macho.

Ndani, daktari akatuonyesha picha mpya. Jiwe limekua. Figo limevimba.

"Nitashukaje kwenda chooni, mama watoto?" akaninong'oneza. "Zege linamwagwa, nikishuka linaganda. Msimamizi ataweka mtu mwingine."

"Basi tumia kopo kama wenzako!"

"Siwezi."

Alipotangulia nje, daktari akanishika mkono mlangoni. "Mama, mbona huongei na mumeo?"

Nusura nimvulie kiatu. Miaka yote ya huo ungamia nimeongea, nimelia, nimenuna, nimemnyima hata usingizi. Anayesikilizwa ni msimamizi anayemwamrisha kwa redio, na kesho wanamwaga zege.