Mshona Injini wa Mahongole

Silvanus Mgaya hajibu haraka. Ukimpelekea injini inayoumwa kwenye gereji yake ya Mahongole, Makambako, ataizunguka, ataigonga kwa mpini wa bisibisi, kisha atakwambia, "Sijui bado." Mkewe, Telesia, anayeuza chai upande wa pili wa ua, amekwisha kulizoea jibu hilo. "Huyu angekuwa daktari," huwaambia wateja, "wagonjwa wangezikwa wakisubiri jibu."

Hata hivyo watu wanampelekea, kwa sababu anafanya kazi ambayo mafundi wengi wa barabara kuu hawaitaki: kushona bloku za injini zilizopasuka. Lori likipasuka bloku, tajiri wake hununua injini nyingine. Landrova ya miaka ya sitini haipatiwi nyingine kirahisi. Silvanus alijifunza kushona chuma ujanani, katika karakana ya misheni karibu na Njombe, na anasema alichofundishwa kwanza huko si kutoboa bali kunyamaza.

Julai iliyopita lori la viazi lilivuta hadi kwenye gereji hiyo Landrova ya Ebeneza Mwalongo, mwalimu mstaafu anayeishi bondeni nje ya mji wa Njombe. Mwalimu mwenyewe alikuwa peke yake kwenye usukani wa gari lililovutwa. Mkewe, Elina, alishuka kutoka kwenye lori, kikapu mkononi.

Bondeni kwao, miezi ya baridi, sakitu, umande ulioganda, huunguza majani ya viazi, na maji yakilala ndani ya gari huganda. Kwa hiyo jioni maji humwagwa, na asubuhi gari hupelekewa maji ya uvuguvugu kutoka jikoni, kama mgeni anavyopelekewa ya kuoga. Kumwaga ilikuwa kazi ya Mwalimu, kupasha ilikuwa kazi ya Elina. Siku ya kipaimara ya mjukuu wao walichelewa. Maji yalikuwa yamechemka, naye Elina akayamimina vilevile. Ukasikika mlio mkavu, kisha maji yakachuruzika chini ya injini.

"Mama Ronald ameliua," Mwalimu alimwambia Silvanus kabla salamu hazijaisha. "Maji ya kusongea ugali! Anayamimina kwenye chuma kilicholala nje!"

Alikwisha kuwaambia hivyo majirani, dereva wa lori na wazee wa usharika.

Mwalimu alipokwenda kunywa chai, Elina alimsogelea fundi.

"Kamwene, fundi. Niambie kweli. Ni mimi?"

"Sijui bado, mama."

"Ukijua, uniambie. Gari hili limewabeba wanangu wote kwenda shule. Kila anayepita nyumbani sasa anasimuliwa nilivyoliua."

Silvanus aliishusha injini akaisugua kwa brashi ya waya. Ufa haukuonekana. Akaipaka mafuta ya taa, akaacha yanyweke, akaifuta hadi ikakauka. Kisha akamwomba Mwalimu chaki, naye akaitoa mfukoni mwa koti bila kuulizwa mara ya pili. Fundi aliisaga akaipaka ubavuni mwa bloku. Mafuta yaliyokuwa yamejificha yakaanza kutoka, yakachora kwenye weupe ule mstari mwembamba, kutoka kwenye koki ya chini hadi katikati ya ubavu.

"Si nilisema?" Mwalimu alisema.

"Wewe umesema, Mwalimu. Chuma bado."

Alitoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutambaa, halafu akauchonga kwa tindo ili aone ndani. Sehemu ya juu, urefu wa kidole, chuma kilikuwa cha kijivu, kinang'aa. Kutoka hapo kwenda chini kote kilikuwa kutu ya kahawia.

Silvanus alimpa Mwalimu spana. "Hebu fungua koki hii."

Mwalimu alikaza mikono. Koki haikusogea. "Kwani hii hufunguliwa?"

"Jioni huwa unafungua ipi?"

"Ya rejeta."

"Na hii?"

"Sikujua kama ipo."

"Basi maji ya rejeta yanatoka, ya humu yanalala. Yakiganda yanatanuka, yanasukuma chuma. Umekuwa ukiongeza maji?"

"Kidogo kidogo. Tangu mwaka jana. Nilidhani yanakwenda na mvuke."

"Yalikuwa yanatoka hapa." Silvanus alimgeukia Elina. "Mama, kipande hiki cha juu ni cha asubuhi ile. Hicho ni chako. Kingine chote ulikikuta."

Elina aliinama akaitazama kutu.

"Baba Ronald, wazee wa usharika uliwaambia lini?"

"Jumapili."

"Jumapili inakuja."

Mwalimu alijikohoza. "Nimesikia."

"Utasimama, au nisimame mimi?"

"Nitasimama."

"Mwalimu," Telesia aliita kutoka kwenye chai yake, "chaki yako leo imekusahihisha!"

Kushona kulimchukua Silvanus siku kadhaa. Alitoboa tundu juu ya ufa, akakata ndani yake nyuzi za kushika skrubu, akaingiza skrubu ya shaba na kukata kichwa chake. Tundu lililofuata alilitoboa likimega kidogo skrubu iliyotangulia, ili zishikane, na hivyo hadi mwisho. Kisha akazigongagonga kwa nyundo ndogo mpaka zikalala sawa na chuma. Koki mbovu aliing'oa akaweka nyingine.

Wenyewe walirudi siku ya kujaribu. Mwalimu alinyanyua ndoo ya maji, akasita, akampa mkewe. Elina alichovya vidole kwanza, kisha akamimina. Injini ikawaka. Silvanus alipitisha kiganja kwenye mshono huku ikinguruma, akakitazama. Kilikuwa kikavu.

"Nionyeshe hiyo koki inavyofunguliwa," Elina alimwambia. Akaifungua mwenyewe kwa spana, maji yakatoka, akaifunga.

Silvanus hagawi vifaa vyake. Lakini Elina alipoitia ile spana kikapuni, chini ya mboga, fundi aliangalia pembeni. Mwalimu aliona, akamfungulia mkewe mlango wa mbele wa Landrova.