Kona ya Aaah

Baba yangu aliendesha basi dogo la watalii tangu kabla sijazaliwa mpaka alipostaafu, na mtaa mzima ulimwita Dereva, mama yangu akiwemo. Njia yake ilikuwa moja: kupanda milima, kushukia jangwani, kulala kwenye mji mdogo wa kale wenye ukuta wa mawe, kisha kurudi. Watu walitoka mbali kuja kuiona njia hiyo. Mama, aliyeishi pale inapoanzia, hakuwahi kuvuka hata kilima cha kwanza.

Si kwamba hakuahidiwa. "Kazi ikipungua nitakupeleka nawe ukaone," Baba alimwambia kila mwaka, na kazi haikupungua. Mama akabaki na sisi, na homa zetu, na cherehani yake chini ya dirisha la sebule, akishona vitambaa vya viti vya basi lile lile. Alikuwa akikanyaga cherehani huku akisema, "Mwenzangu saa hizi anaona milima." Alisema kwa utani, lakini wivu ulikuwemo, tena wivu wa haki kabisa.

Basi Baba alipostaafu, shemeji yangu akatuazima gari na mimi nikashika usukani. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Baba ndiye aliyenifundisha kuendesha, na somo lake lilikuwa moja tu, akalirudia mpaka nikaliota: "Macho barabarani." Yeye akakaa mbele kwenye kiti cha abiria, mahali alipokuwa mgeni kabisa. Mama akakaa nyuma, amevaa gauni lake la kuendea harusi za watu.

Tulipoanza kupanda, Mama akauliza, "Dereva, mlima ule unaitwaje?"

"Upi?" Baba alikuwa anatazama lami.

"Si ule wenye kichwa cheupe!"

"Aa. Mwanangu, angalia hapo mbele, kuna shimo upande wa kulia. Lipo siku zote."

Na kweli shimo lilikuwepo. Mama akauliza kuhusu maporomoko ya maji. Baba alichojua ni kwamba pale lami huteleza asubuhi. Akauliza nani anaishi kwenye vile vijumba vilivyong'ang'ania mwamba. Baba akasema hapo malori hutokeza bila honi. Mama akaegemea mbele.

"Hivi Dereva, miaka yote hiyo ulikuwa unaona nini?"

"Barabara," Baba akajibu. "Nilikuwa na roho za watu mgongoni."

"Na milima?"

"Milima walikuwa wanaiona wao. Mimi nilikuwa nawasikia." Akajiweka sawa kitini. "Subiri, mbele kuna Kona ya Aaah. Jina nimeipa mimi. Kila nikiwafikisha hapo, wote wanasema aaah kwa mpigo mmoja, hata wale walionuna tangu asubuhi. Sijui wanaona nini. Ni nyembamba, huwezi kusimama, na ukigeuza shingo umezika watu. Lakini leo siendeshi mimi. Leo nitaona."

Thubutu! Tulipoingia konani, lori likatokeza mbele yetu. Baba akakanyaga breki isiyokuwepo, akapiga kelele, "Shusha gia! Shusha! Kaa upande wako!" Mama akafumba macho na kuanza kuomba. Alipoyafumbua, kona ilikuwa nyuma yetu na hakuna aliyesema aaah.

Jangwani Mama hakuuliza tena. Mchanga ulianza mwekundu, ukawa wa manjano, mwishowe ukakaribia weupe, na Baba alichosema ni kwamba upepo ukiusukuma barabarani usikimbie. Katika mji wa kale tulipita kwenye vichochoro vyenye ubaridi wa mtungi, milango mifupi inayokulazimisha kuinama. Baba hakujua lolote kuhusu ngome wala kisima. Alimjua fundi wa pancha, wakakumbatiana.

Tulipofika nyumba ya wageni, Baba alibaki nje akifuta vumbi kwenye gari. Mama akakaa ukingoni mwa kitanda na kuvua viatu.

"Unajua kinachoniuma?" akaniambia. "Nikichoka kushona, nilikuwa najipa moyo kwamba angalau mmoja wetu anaona. Kumbe hakuna. Penye miti hapana wajenzi. Na kesho ndiyo tunarudi, kwa umri huu sidhani kama nitakuja tena."

Nikaviokota viatu vyake nikaviweke kando. Nilipogeuka, Baba alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa kinachochuruzika maji. Alikuwa amesikia yote. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu.

Asubuhi akafungua mlango wa nyuma, akaketi nyuma yangu kabisa, ubavuni mwa Mama.

"Umepotea njia?" Mama akamuuliza.

"Huku barabara siioni. Kichwa cha mwanao kimeiziba."

"Na breki zako?"

"Breki anazo mwenyewe."

Maneno tu hayo. Tulipoanza kupanda milima, kila kona mguu wake ulisukuma kiti changu hadi nikausikia kwenye uti wa mgongo. Mama akamwambia kitu kwa sauti ya chini, sikukipata. Kona iliyofuata, kiti kilitulia.

Nilipokaribia ile kona yake, hakuna aliyenionya. Nikapiga honi, nikashusha gia, nikakaza macho kwenye lami na ukingo wake.

"Aaah," akasema Mama.

Kisha akasema Baba, polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu.

Shingo iliniwasha. "Kuna nini?" nikauliza. "Jamani, mnaona nini?"

"Macho barabarani, mwanangu," Baba akasema.

Nikayaacha barabarani, nikawa nawasikia.