Nafasi ya Fuatino

Kila alipoanza sentensi ya Kiingereza, Lagimaina aliisema nusu, akanyamaza, akatega sikio la kushoto. Akisharidhika, aliitikia kwa kichwa na kwenda kwenye sentensi nyingine. Hata kanisani, mgeni akimsalimu kwa lugha hiyo, alimjibu nusu na kungoja.

Ndivyo alivyojifunza na dada yake, Fuatino. Mmoja huanza, mwingine humaliza. Kwetu Samoa tendo hutangulia na mtendaji hufuata nyuma, kwa hiyo watu wazima wa kijiji wakisema Kiingereza, utasikia amekula paka samaki. Fuatino ndiye aliyeushika mpangilio wa Kiingereza, basi miisho ikawa yake. Jioni walikaa juu ya kaburi la mama yao, mbele ya nyumba, wakimenya magimbi na kutupiana maneno. Lagimaina alianza ule msemo wa Kiingereza wa mvua kubwa, kwamba inanyesha paka na. Fuatino akamalizia mbwa, kwa sauti yake ya kukwaruza, akaongeza kwamba Waingereza lazima wana mapaa imara.

Kisha kifua kilimuua Fuatino. Akazikwa ubavuni mwa mama yao, na saruji ilipokauka Lagimaina alihamia pale na kisu chake cha magimbi.

Binti yake, Sieni, alikuwa ng'ambo, Auckland, karibu kujifungua, hana mtu. Lagimaina angeruhusiwa kwenda kuishi naye iwapo tu ofisa wa uhamiaji angeridhika na Kiingereza chake. Akaniomba nimnoe, kwa kuwa nafundisha shule ya kijiji. Maneno aliyajua. Tatizo lilikuwa kile kimya. Nilimwonya kwamba ofisa atadhani ameishiwa, na mtoto atazaliwa bibi akiwa bado huku anamenya magimbi.

"Nikimaliza mwenyewe nitakuwa nimemnyang'anya mwenzangu," alisema.

"Shangazi, Fuatino hayupo."

"Wewe humsikii, mwalimu, kwa sababu unaongea sana."

Nilicheka. Lakini jioni moja nilipita kwao kabla baragumu ya sala haijapulizwa. Alikuwa amekaa kwenye saruji, amenipa mgongo. Alianza sentensi ndefu ambayo sikuwa nimemfundisha, akaacha nafasi. Upepo ulikuwapo, nakumbuka nguo zikipepea kwenye kamba, na ghafla zikaning'inia. Mbwa aliyelala juu ya kaburi aliinuka, akashuka polepole kama aliyeombwa apishe, akaenda kulala barabarani. Lagimaina aliguna, kama mtu aliyesahihishwa, akairudia sentensi yake kwa mpangilio mwingine, ulio sawa. Sikumsalimu. Niliendelea na njia.

Siku ya usaili nilimsindikiza mjini Apia. Nilikaa kwenye benchi nje ya chumba, mlango ukiwa wazi kidogo. Ofisa alikuwa msichana mpole, aliyetamka jina la Lagimaina kwa shida. Alimuuliza ataenda kufanya nini Auckland.

"Nitamlea mjukuu wangu mpaka," Lagimaina alijibu, akanyamaza.

Feni ya darini ilizunguka. Nilifumba macho. Nilijua yule msichana tayari ameshika kalamu.

"Mpaka aweze kuniacha," ilisema sauti, ya kukwaruza, na mwishoni ikakohoa.

Lagimaina hakuwa na kikohozi. Ofisa alimuuliza kwa upole kama angependa maji. Maswali yakaendelea, na kila jibu lilianza kwa sauti moja na kuisha kwa nyingine. Alipotoka alikuwa amefaulu. Alikuwa mchangamfu, ila mdomo wake ulikuwa mkavu, umepasuka, kama wa mtu aliyeugua homa. Kwenye feri ya kurudi kisiwani kwetu, Savai'i, sikuthubutu kumuuliza. Alinunua maandazi, akala nusu ya lake, nusu nyingine akaiweka kwenye kiti kilichokuwa wazi kati yetu.

Aliondoka wiki chache baadaye. Nyumba imefungwa na majani yameanza kupanda juu ya saruji. Ningeweza kwenda kuyang'oa, ni karibu, lakini siku hizi nikitoka shuleni napita njia ya nyuma, yenye matope. Ni kwa ajili ya jambo aliloniambia gatini, shada la maua likiwa limemzidi shingo, feri ikisubiri. Alinivuta karibu kana kwamba ananibusu.

"Fuatino akianza sentensi, mwalimu, wewe pita tu. Ukimmalizia, atakuzoea."