Safari ya Ugalla Kumfungua Deo

Mama yetu alipofariki hapa Tabora, mdogo wangu Silvesta alikuja kuzika peke yake, bila mke wala mtoto, na matanga yalipoondolewa tu akaaga. Arobaini hakuja kabisa. Watu wa ukoo walisema maneno mengi. Mimi nilinyamaza, maana Silvesta namjua tangu nimembeba mgongoni, na si mtu wa kumkimbia mama yake.

Baadaye binamu yetu mmoja alikuja mjini kuuza asali. Nilimkaribisha chai, nikamuuliza habari za Ugalla, anakoishi Silvesta. Alizungumzia mvua, nyuki na bei ya tumbaku. Nilipomuuliza habari za Deo, mtoto wa kwanza wa Silvesta, alitazama kikombe.

"Yupo."

"Anafanya nini siku hizi?"

"Amekaa, dada. Nenda mwenyewe ukaone. Mimi nikisema, nitaonekana mchongezi."

Deo nilimwacha akiwa kijana mrefu, mpole, anayejua kutengeneza baiskeli na redio. Shule ninayofundisha ilipofungwa sikungoja. Nilifunga shuka mbili, sabuni na sukari, nikaenda stesheni. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na Mpanda bado ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa.

Jioni treni iliondoka Tabora ikiwa imejaa. Nilipata nafasi dirishani, karibu na mkulima mmoja wa makazi ya Katumba aliyejitambulisha kwa jina la Yohana, nami nikamwambia ni mwalimu. Wazazi wake walikimbia Burundi akiwa mdogo, na Katumba ndipo nyumbani anapopajua. Alikuwa ametoka kumwona dada yake aliyelazwa, anarudi kwenye tumbaku yake. Mbele yetu kulikuwa na wanaume wanne waliokuwa wakinywa pombe kali ya chupa tangu Tabora, na mmoja wao alikuwa ameshatapika kwenye mlango.

Asubuhi, baada ya kupita Kaliua, askari wawili walipita behewani wakifungua mizigo. Kwenye begi la fundi mmoja wa uashi walikuta misokoto michache ya bangi imefungwa kwenye gazeti. Yule fundi hakubisha. Alivua saa yake, akampa abiria wa jirani na kumwomba aifikishe kwa mkewe, kisha akanyoosha mikono afungwe. Wale wanne walimcheka kwa sauti, na chupa yao ikaendelea kuzunguka.

Yohana alisubiri askari wapite ndipo akasema polepole, "Mwalimu, mimi nalima tumbaku. Naipalilia, naikausha, inakuja gari kuichukua, napeana mkono na mnunuzi. Kikohozi cha baba yangu kilitokana na hiyo tumbaku, na tumemzika nacho. Hakuna aliyewahi kunifunga pingu."

"Kwa hiyo bangi nayo iruhusiwe?"

Alifikiri. "Sijui. Nimeona vijana iliowaharibu. Lakini yule fundi akitoka jela atakuwa mtu gani? Mke wake anakula nini kuanzia leo?" Kisha akatikisa kichwa. "Mimi mkimbizi, mama. Maoni yangu huwa hayatoki nje ya nyumba."

Wakati ule, niseme ukweli, sikukubaliana naye. Darasani nilikuwa nimefundisha miaka mingi kwamba bangi ni adui na anayeivuta ni mhalifu. Nilimwona yule fundi kama mtu aliyevuna alichopanda.

Ugalla nilishuka jua likiwa kali. Kijana wa stesheni alinipakia kwenye baiskeli, tukafuata njia ya msituni, mbung'o wakitushambulia shingoni. Mizinga ya magome ilining'inia juu ya miti kando ya njia. Nilipofika kwa Silvesta, mbwa alibweka na mkewe Magreti akatoka jikoni. Aliponitambua hakupiga vigelegele kama desturi yake. Alikaa chini pale pale mlangoni, akafunika uso kwa kanga.

"Wifi, nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Deo yuko wapi?"

Alinyoosha mkono kuelekea nyuma ya nyumba, kwenye bani kuukuu ambalo zamani Silvesta alikaushia tumbaku.

Sitaki kueleza sana nilichokiona mle. Deo alikuwa amekaa sakafuni kwenye majani, nywele zimeshikamana, mwembamba kuliko nilivyowahi kumwona mtu wa umri wake. Mguu wake wa kulia ulifungwa kwa mnyororo wa plau, ule wa kukokotwa na ng'ombe, na ncha ya pili ilizungushwa kwenye nguzo. Alikuwa akizungumza kwa haraka na mtu ambaye mimi sikumwona. Chini ya mnyororo kulikuwa na kidonda, na nzi.

"Deo, mimi shangazi yako."

Alinitazama, akaniita kwa jina la mama yetu, marehemu, kisha akaendelea na mazungumzo yake.

Silvesta alirudi kutoka shambani, akanikuta nimekaa mlangoni mwa bani. Hakunisalimia. Alisimama tu na jembe begani, machozi yakimtoka.

Tulikaa watatu uani nikaambiwa yote. Silvesta alikuwa na mistari michache ya bangi katikati ya mahindi, kama walivyokuwa nayo wengine kule, na mnunuzi alikuja kimyakimya baada ya mavuno. Deo alianza kuivuta akiwa na wenzake. Wenzake hawakupatwa na kitu. Wengine wameoa, wana watoto. Yeye alianza kukosa usingizi, akawa anasema redio inamtaja jina. Siku moja aliwasha moto kwenye ghala la jirani, na ikawa bahati tu kwamba hakuna aliyekuwa ndani. Akakimbilia msituni, wakamtafuta kwa siku kadhaa. Walipompata, wakamfunga.

"Mganga?" niliuliza.

"Wawili. Wamekula mbuzi wakaondoka."

"Na hospitali?"

Magreti ndiye aliyejibu. "Wifi, unamkumbuka Petro wa bondeni? Mwaka juzi alimpeleka mwanawe zahanati akiwa hivi hivi. Wakamuuliza kijana kavuta nini, akawaambia. Haikupita wiki, askari hao, wakamkuta na shamba. Yuko jela mpaka leo, na mkewe karudi kwao. Nani aliwaambia askari hatujui. Labda mnunuzi, labda jirani. Lakini tangu siku ile hapa kwetu hakuna anayepeleka mtu."

"Nikifungwa mimi," Silvesta alisema, "hawa wadogo watakula nini? Nilisema atatulia. Kila mwezi nilisema atatulia."

Nilikasirika sana. Nilimwambia maneno mazito ambayo dada mkubwa anaruhusiwa kuyasema, na alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipomaliza aliniuliza, "Dada, ungekuwa wewe ungefanyaje?" Niliinuka nikarudi kukaa mlangoni mwa bani.

Kesho yake nilisema Deo anapanda treni ya Mpanda, hata kama nitampeleka peke yangu. Alfajiri iliyofuata Silvesta aliondoka bila kuaga. Nilidhani ametoroka. Alirudi amebeba mabua ya bangi yamefungwa kama kuni, akayatupa kwenye shimo la takataka na kuyawasha. Kisha akaingia kwenye bani na patasi. Kufuli ya mnyororo ilikuwa imeshika kutu na ilimchukua muda kuivunja. Mnyororo ulipoanguka, Deo hakusogea. Baba yake alimbeba mpaka nje, akamwosha kwa maji ya moto, Magreti akamnyoa.

Kwenye treni ya Mpanda tulimkalisha katikati yetu, mimi na wazazi wake, mikono yake imefungwa kwa kanga ili asijirushe. Mguu ulikuwa umevimba na unanuka, na abiria walituhama mmoja mmoja. Stesheni ya Katumba askari alipanda, akasimama mbele yetu.

"Huyu ana nini?"

"Malaria imempanda kichwani, afande," nilisema. "Tunamwahi hospitali."

Askari alimtazama Deo, akautazama mguu. Alikuwa kijana mdogo, labda sawa na Deo. Akasema, "Poleni sana, mama," akatusaidia kuwasogeza watu ili mgonjwa anyooshe mguu. Nilimshukuru huku nikijua nimemdanganya mtu mwema, na kwamba ningerudia tena.

Mpanda mjini tulipokelewa mtaa wa Shanwe na Mzee Hamisi, mwenye duka, aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yetu. Alitupa chumba cha uani na mkewe akatupikia uji na wali. Tulipomweleza habari, uso wake ulikakamaa.

"Mimi ningekuwa serikali," alisema, "ningechoma kila shina mpaka liishe."

"Wanachoma miaka yote, mzee. Deo kaipata nyuma ya nyumba."

"Na ikiruhusiwa ataipata wapi? Dukani kwangu, hapo kwenye rafu, kando ya sukari. Watoto wanakuja na hela ya mafuta ya taa. Unataka mimi niwapimie bangi, Mwalimu?"

"Hapana, mzee."

"Basi."

Alitoka, kisha akarudi na mkokoteni wake wa kubebea magunia, ametandika godoro lake mwenyewe juu yake. Aliusukuma mpaka hospitali pamoja na Silvesta, kanzu ameikunja kiunoni.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyechoka. Aliangalia mguu kwanza, akakunja uso. Kisha akauliza akili yake imeanza kuchafuka lini, na alikuwa akitumia nini.

Silvesta alitazama ukuta. Mimi nilitazama sakafu. Hapo nilielewa jinsi miezi yote ile ilivyopita kwenye lile bani.

"Bangi, daktari," Magreti alisema. "Ya shambani kwetu. Mume wangu ndiye aliyeilima, na mimi nilipalilia. Kama unawaita askari, waite. Lakini mtibu kwanza."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, mimi kazi yangu ni kutibu. Kijana wenu anaweza kupata nafuu ya kichwa. Bangi imemchochea, au ugonjwa ulikuwamo tangu mwanzo, hilo siwezi kuwaambia kwa uhakika. Mngemleta mwanzoni, ningekuwa na kazi ndogo." Akagusa shuka lililofunika mguu. "Huu ndio umechelewa."

Walimkata mguu chini kidogo ya goti. Silvesta aliweka kidole gumba kwenye karatasi ya ruhusa, ingawa anajua kuandika.

Sindano na vidonge vilifanya kazi polepole. Mzee Hamisi alileta chakula kila mchana, akamlisha Deo kwa mkono wake, na bangi hakuitaja tena. Asubuhi moja niliingia wodini nikamkuta Deo ameketi, macho yametulia, anasikiliza redio ya mgonjwa wa jirani.

"Hii redio spika yake imechanika," alisema. "Shikamoo shangazi."

Nililia mpaka muuguzi akaja. Deo aliningoja nimalize. Kisha akafunua shuka, akatazama pale mguu ulipoishia.

"Shangazi, huu umekatwa kwa sababu ya bangi, au kwa sababu ya mnyororo?"

Nilimwambia, "Mnyororo, mwanangu."

"Na mnyororo ulikuwa wa nini?"

"Baba yako aliogopa."

Alitikisa kichwa taratibu, akajifunika. Baba yake alipoingia, Deo alimpa shikamoo akampisha nafasi kitandani, wakakaa bega kwa bega.

Shule ilipokaribia kufunguliwa niliwaacha Shanwe na kurudi. Treni ilipita Katumba, kisha msitu wa Ugalla, na nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri. Sheria ya bangi ilikuwepo tangu sijazaliwa, na kwa mdogo wangu haikuzuia shina moja lisiote. Ilichoweza ni kumfunga Petro, na kuwaziba midomo wengine wote. Lakini nilimkumbuka pia Deo akizungumza na hewa, na rafu ya Mzee Hamisi, na watoto wenye hela ya mafuta ya taa. Sijafika mahali pa kusema iuzwe kama sukari. Nimefika mahali pa kusema kwamba anayevuta asifungwe, na mzazi anayemleta mgonjwa asiulizwe shamba lake liko wapi. Kama huko ndiko kuihalalisha, basi naihalalisha kiasi hicho.

Tabora nilipofika, wiki ya kwanza nilifundisha somo lile lile la madawa ya kulevya, ila mwisho wake niliubadilisha. Niliwaambia wanafunzi habari za daktari mmoja wa Mpanda aliyemtibu kijana bila kuita askari, na kwamba mtu akiugua kwa bangi ni mgonjwa, na mgonjwa anapelekwa hospitali. Mwalimu Agnesi, anayefundisha darasa la jirani, alinisikia dirishani. Ni mkali kuliko sisi wote, na ofisini alinishutumu mbele ya walimu kuwa nawafundisha watoto kuchezea sheria.

Jumamosi jioni alibisha hodi kwangu. Hakukubali kukaa. Alisimama katikati ya sebule akiukunja na kuukunjua mtandio wake.

"Dada, yule daktari wa Mpanda. Kweli hakuita askari?"

"Hakuita."

"Na wa hapa je? Hawataita?"

"Sijui, Agnesi. Siwezi kukuahidi."

Alianza kulia. "Ni kaka yangu. Tumemfungia stoo tangu Pasaka."

Nilivaa viatu, nikachukua kanga yangu, tukatoka.