Shemeji Kwenye Zamu ya Maombi

Shemeji yangu ni fundi bomba, na tangu amwoe dada yangu miaka kumi na mitano iliyopita sijawahi kumsikia akitoa sentensi yenye maneno zaidi ya saba. Nimehesabu. Ukimsalimu anaitika, ukimuuliza habari za kazi anasema "zipo", ukimpa chai anashukuru, na hapo maongezi yamefika ukingoni. Mama yetu, ambaye ulimi wake haujui likizo, aliuliza siku wazee wa kwao shemeji walipokuja kumchumbia dada kama wametuletea mtu au picha ya mtu. Shemeji alicheka pamoja na wengine, ila yeye alicheka bila sauti.

Lakini kwa mikono hana mpinzani. Pale kanisani kwetu hakuna koki asiyoijua tabia zake. Jumamosi asubuhi utamkuta amelala chali chini ya sinki la jiko la kanisa, miguu tu ndiyo inaonekana, spana inagongagonga huko ndani. Hajawahi kumdai mtu hata senti ya mpira wa koki. Wako wanaotoa noti mpya wakizinyoosha ili jirani azione. Yeye anatoa Jumamosi zake. Kwa hilo namheshimu sana, ingawa sikuwahi kumwambia, maana mimi na yeye ni watu wa kutaniana, tukianza kusifiana tutashindwa hata kutazamana.

Sasa niseme kosa langu, nisije nikajifanya malaika. Mimi ni katibu wa kadi.

Kila mwanzo wa mwaka kanisa letu huwa na Jumapili ya kadi. Kila muumini hupewa kadi yenye mistari mitatu: kutoa, maombi, na kazi za mikono. Unaweka alama kwenye mstari mmoja, ule utakaomtumikia Mungu kwao mwaka huo, unaandika jina lako na kuitumbukiza kapuni. Kapu linapelekwa madhabahuni, linaombewa, na likishaombewa ndiyo basi tena. Kadi hairudishwi mpaka mwaka uishe. Kuna bibi mmoja aliyeahidi kufagia uwanja, akavunjika mguu mwezi wa pili, na bado alifagia, amekaa kwenye kiti, wajukuu wanamsogeza.

Kwa miaka mingi mstari wa mwisho ulikuwa wa kazi za mikono. Mwaka ninaousimulia mimi, kwa ujuaji wangu, nikaona maombi yakikaa mwisho kadi itapendeza zaidi. Nikazipanga upya na kuzichapisha. Sikufikiri kwamba yuko mtu ambaye kwa miaka kumi na moja amekuwa akiweka alama mstari wa mwisho bila kusoma, kama mtu anavyopapasa swichi ya chumbani kwake.

Kadi yake niliikuta Jumatatu, nikiwa mezani nazipanga. Maombi! Shemeji! Nilicheka mpaka nikaweka kikombe chini. Nilijua wazi kwamba amekosea. Ningeweza kumfuata mchungaji, nikasema kosa ni la mpangilio wangu, mambo yakaisha. Badala yake nikachukua kalamu nikaandika jina lake kwenye ratiba ya kuwatembelea wagonjwa Jumapili baada ya ibada na kuwaombea. Kwa sauti. Nikajiambia ni utani tu.

Dada alinipigia simu siku hiyohiyo ratiba ilipobandikwa.

"Wewe mtoto, una wazimu? Mume wangu hata chakula hakipiti."

"Si ameweka alama mwenyewe?"

"Ameweka kwa mazoea! Mtu anaomba chakula mezani kwa kuinamisha kichwa tu, leo umempa wagonjwa?"

"Basi aje aseme kwamba amekosea."

Shemeji hakuja. Kwake yeye kilichopita madhabahuni kimepita, na hata kama kimepita kwa bahati mbaya, aliyekipokea hakukosea.

Ziara yake ya kwanza ilikuwa kwa mwalimu mstaafu wa hesabu aliyevimba miguu. Habari hizi nimezipata kwa mwalimu mwenyewe. Anasema shemeji alikaa kitini, kofia mapajani, akimeza mate kwa robo saa nzima. Kule jikoni koki ilikuwa inadondosha maji, to, to, to. Mwishowe shemeji akanyanyuka.

"Naomba nione hiyo koki, mwalimu."

Akaiona, akaitengeneza, akarudi, akamshika mwalimu mkono kwa mikono yake yote miwili, akaaga. Wiki iliyofuata mwalimu alinisimamisha mlangoni mwa kanisa. "Yule aliyekuja kuniombea, atarudi lini? Tangi la choo nalo lina kelele."

Nilicheka tena. Kufika katikati ya mwaka, hakuna waliokuwa na mabomba mazima mtaani kwetu kama wagonjwa wa kanisa letu. Nahisi wengine walikuwa wamepona zamani, wakabaki kitandani kusubiri zamu yake. Na pale ambapo hapakuwa na kitu kilichoharibika, alikaa tu, akamshika mgonjwa mkono, akainamisha kichwa kwa muda, akaondoka. Neno lake la maombi hakuna aliyewahi kulisikia.

Ndipo mama akaugua.

Alikuwa na uvimbe tumboni. Alikuwa ameuficha miezi kadhaa kwa kubadilisha magauni, mpaka siku alipoanguka bafuni. Hospitali wakampima, daktari akasema uondolewe Jumatatu, lakini kabla ya Jumapili jioni mama asaini karatasi ya kukubali upasuaji. Asiposaini, nafasi inakwenda kwa mwingine na yeye atasubiri miezi miwili. Daktari alituita pembeni mimi na dada akasema hiyo miezi miwili asingependa kuiona.

Karatasi ikawekwa juu ya kabati dogo kando ya kitanda, na kalamu juu yake. Mama akasema atasaini. Jumatano akasema atasaini. Alhamisi akasema, "Kwani inakimbia?" Mama yangu, aliyemfukuza mwizi kwa mwiko, ambaye hata mchungaji humpitia kwa adabu, alikuwa anaizungukia karatasi moja.

Watu walikuja kumwombea, sitawanyima haki yao. Mchungaji alikuja, kina mama wa kanisa wakaja na nyimbo. Ijumaa akaja mwenyekiti wa kina baba, ambaye tunamwita Radi, na ukimsikia akiomba hutauliza kwa nini. Aliukemea ule uvimbe, akauamuru uyeyuke, akamtangazia Mungu kwamba mama huyu ni simba, hajui hofu, hatetemeki mbele ya kisu. Nesi wa wodi ya pili alikuja mbio akidhani kuna msiba. Mama akaitika amina kwa nguvu kila mahali panapostahili amina, akamshukuru, akamwagia sifa. Radi alipoondoka, karatasi ilikuwa bado nyeupe.

"Mama, saini basi," dada akamsihi.

"Nasubiri zamu ya Jumapili. Ni ya nani?"

Nilijua ni ya nani. Nilirudi nyumbani, nikatoa nakala yangu ya ratiba, nikafuta jina la shemeji na juu yake nikaandika la Radi. Nilikuwa naona picha yote: shemeji amekaa kimya, kengele ya kufunga muda wa kuona wagonjwa inalia, nafasi ya mama inakwenda, na yote hayo chanzo chake ni kicheko changu.

Jumamosi nilimwambia mama ni zamu ya Radi.

"Lete hiyo ratiba."

Nilikuwa nimesahau kwamba kabla yangu katibu wa kadi alikuwa yeye, miaka ishirini. Nikaitoa mfukoni, akaigeuzia dirishani kidogo tu, mwanga ukaonyesha palipofutwa.

"Hapa palikuwa na nani?"

Nikakata tamaa, nikamweleza yote. Kadi niliyoipangua, mstari wa mwisho, kicheko, koki ya mwalimu. Nikamwambia, "Mama, shemeji hawezi kuomba. Atakaa kimya mpaka kengele ilie."

Mama alinitazama mpaka nikaona aibu ya kuwa na mikono.

"Kwa hiyo mwenzako anakwenda nyumba za watu roho mkononi, miezi sita, na wewe unacheka?"

"Ndiyo, mama."

"Rudisha jina lake. Na kesho uje naye, ukae ushuhudie."

Jumapili tukaenda, mimi, dada na shemeji katika suti yake moja. Wodi ilikuwa imejaa watu na mifuko ya matunda. Tulipoingia nilimwona akilitupia jicho sinki la pembeni. Koki ilikuwa nzima, haitoi hata tone, na niliona jinsi mabega yalivyomshuka.

"Karibu, mwanangu," mama akasema. "Kaa."

Akakaa. Akamshika mkono. Akainamisha kichwa. Mama akafumba macho, na yeye ambaye humalizia watu sentensi zao hakumsaidia hata kwa kikohozi. Dada alikuwa anatazama vigae vya sakafuni. Mimi nilikuwa natazama saa ya ukutani, zikabaki dakika kumi na mbili, kumi, nane. Nikaomba moyoni, ombi la mtu aliyebanwa: Mungu wangu, nisamehe, lakini usimlipishe mama.

"Mungu," shemeji akasema.

Tuliruka sote. Ilikuwa sauti ndogo, yenye kukwaruza. Akaanza upya.

"Mungu, mama anaogopa."

Nusura nimkatishe. Mama? Anaogopa? Nilitaka kumkanyaga mguu.

"Na mimi naogopa. Hatujui kule ndani kukoje. Usimwache peke yake. Mtoe akiwa hai, maana bado tunamhitaji. Amina."

Nilimtazama mama nikitegemea ulimi wake. Machozi yalikuwa yanamtoka, yanashuka mpaka masikioni kwa vile alivyolala, na wala hakuyafuta. Mara ya mwisho kuyaona ilikuwa siku tuliyomzika baba.

"Rudia," akasema.

Shemeji akanitazama kama anayeomba msaada. "Nimesahau, mama."

"Hujasahau. Rudia."

Akarudia, neno kwa neno, kwa mpangilio uleule, kwa kuwa hakuwa na maneno mengine. Na alipofika pale aliposema mama anaogopa, mama akaitikia kwa sauti iliyofika vitanda vyote: "Ndiyo, Bwana. Naogopa. Naogopa sana." Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mtu tusiyemjua, akasema amina naye akaanza kulia.

Kengele ililia.

"Wiki nzima mnakuja hapa mnamwambia Mungu mimi ni simba," mama akasema huku akijifuta na ncha ya shuka. "Na mimi naitika amina. Namdanganya Mungu, na Jumatatu ndiye huyohuyo ninayekwenda kulala mikononi mwake. Ningesainije? Nani angenisindikiza, kama hata yeye hajaambiwa kwamba natetemeka?" Akanyoosha mkono. "Lete kalamu."

Alisaini. Jina lilikwenda mshazari, lakini lilisomeka.

Jumatatu saa tatu asubuhi walimwingiza. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini, dada katikati. Dada alipokwenda kutafuta maji, nikamgeukia shemeji.

"Ile kadi nilijua umekosea. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Kila ukiniona Jumapili unabana kicheko."

"Sasa mbona hukusema?"

Alizungusha kofia. "Nilikuwa natamani kuomba," akasema. "Tangu zamani. Nilikosa tu mtu wa kunisukuma."

Nikamwambia anisamehe, akasema haina neno, na nikajua kwamba kwake kweli haina neno, jambo lililonifanya nijisikie vibaya zaidi.

Saa saba daktari alitoka akivua kofia. Uvimbe umetoka wote, akasema, na haukuwa wa ile aina mbaya. Dada alimkumbatia mpaka miwani ikaanguka.

Mama alizinduka jioni, midomo imekauka, macho yanakwenda na kurudi. Mimi na dada tulimwinamia kila mmoja upande wake, tukimwita. Alituangalia kama watu waliokaa kiti cha mwenyewe.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

"Yuko hapo nje, mama."

"Muiteni. Aje amwambie Mungu kwamba nimetoka."

Shemeji akaingia akinyata, akashika chuma cha kitanda, akainamisha kichwa. "Mungu," akasema, "ametoka." Halafu akashindwa, akalia kwa sauti kama mtoto, mabega yote yanatikisika, na mama akamtafuta mkono juu ya shuka, akaupata, akamsemea amina.