Kisawe cha Mwanangu

Mume wangu alichemsha korongo katika sufuria yangu ya ugali, na mpaka leo sijamsamehe, ingawa si kwa ajili ya sufuria.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Gurei, mjini Juba, miaka ile baada ya amani kutiwa saini, mimi nikiwa karani wa benki, yeye akifundisha bayolojia sekondari. Kwetu Kenya alikuwa mtu wa makumbusho, wa mifupa ya ndege iliyogeuka mawe. Kazi ilipokatwa tukafuata riziki huku. Alikuja na kitu kimoja cha kujivunia: korongo wa kale aliyempa jina yeye mwenyewe, kwa kipande cha mfupa wa mguu. Jina lenyewe lilikuwa la binti yetu, aliyetutoka kwa malaria kabla hajaanza shule. Kilatini kililiongezea mkia, lakini lilisikika. Popote duniani, mtu akimtaja ndege yule, ilibidi amtaje mwanangu. Mimi sikuhitaji kaburi la marumaru.

Shida ilikuwa hii. Katika miamba ileile ulikotoka mfupa wake, wazungu walikuwa wameshampa jina korongo mwingine, mkubwa zaidi, zamani. Mume wangu aliamua huyu mdogo ni ndege wa aina nyingine, kwa sababu mfupa wake ulikuwa mfupi na mwembamba. Ndege wa mawe hana manyoya wala sauti. Una mfupa tu, mara nyingi nusu, na kwa nusu hiyo unatakiwa useme ni nani.

Juba nayo ina korongo wake, wale wenye upara wanaozurura jalalani kama mahakimu waliostaafu. Muuza nyama wetu, Mganda, aliwaita karoli. Watu wa mtaa walipotega sumu ya kuua mbwa koko, karoli nao wakala. Asubuhi moja muuza nyama akaniita nikienda kazini.

"Mama, ambia mzee karoli iko mbili imekufa hapa. Alisema anataka mifupa."

Nilimwambia. Aliwapasua uani, akachungulia ndani: mmoja dume, mwingine jike. Kisha akawachemsha nyama itoke, mtaa mzima ukanuka, majirani wakaanza kuniamkia kwa mbali. Mifupa ilipokauka aliilaza mezani, ya dume huku, ya jike kule, na katikati akaweka nakala za plasta za ile miwili ya kale. Akaipima yote kwa rula, mmoja mmoja. Jike alimpungukia dume kwa kiasi kilekile ambacho korongo wetu alimpungukia yule wa wazungu.

"Huenda wetu si ndege wa aina nyingine," akasema. "Huenda ni jike tu wa yule mkubwa."

"Kwa korongo wawili? Wewe ndiye husema wawili hawatoshi."

"Kweli. Nitatafuta wengine."

Nikamwomba Mungu korongo wa Juba wasife. Wakafa. Sumu haikwisha, na malori yakawagonga wengine barabarani. Kila aliyepasuliwa alisema neno lilelile. Huko nje watu walikuwa wakibishana nchi yao mpya itaitwaje, kwa vicheko na soda, kila mtu na jina lake mdomoni. Nilikuwa nikiwapita nimeinamisha kichwa. Niliwachukia kwa furaha yao.

"Kwani nani atajua?" nikamwambia hatimaye. "Nani atakuja Gurei kupima miguu ya karoli? Nyamaza tu."

"Mimi nimeshajua."

"Kwa hiyo unamfuta."

"Hafutwi. Jina lililotangulia ndilo linalobaki. La pili linakuwa kisawe."

Kisawe! Shule ya msingi nilipenda visawe kuliko hesabu. Mwalimu anasema barabara, wewe unasema njia. Tumia hili au lile, maana ni ileile. Sasa mwanangu alikuwa neno ambalo unaweza kuliacha na sentensi isipungukiwe kitu. Nilimrushia mwiko. Nilitamani umpate.

"Basi mpe korongo mwingine jina hilo," nikasema. "Tafuta mwingine kwenye mawe yaleyale."

Akaeleza, kwa sauti yake ya darasani, kwamba kanuni zinakataa: jina likishatumika katika jenasi ile, yaani ukoo ule wa korongo, halipewi ndege mwingine. Kwetu jina la aliyekufa hurudi. Huzaliwa mtoto mwingine akaitwa hilo. Lakini mimi daktari alishanitoa kizazi, na mume wangu ndiye aliyetia saini pale hospitali.

Akatuma makala yake, ya kusema korongo wale wawili wa kale ni ndege mmoja, kwa kompyuta ya shule. Ilikuwa fupi, yenye adabu.

Tangu tuzae aliniita Mama, akifuatisha na jina la mtoto. Hakuacha msibani, wala miaka yote baada ya mazishi. Jioni ile, tukiwa mezani, akataka chumvi, akaniita kwa jina langu la ubatizo. Niligeuka kutazama mlangoni, nione ni nani anayeitwa.