Nilimwandikia Marehemu Baba, Akajibu

Wasee, baba yangu alikufa miaka miwili iliyopita. Wiki jana alinijibu imeli.

Chekeni tu. Mimi sikucheka.

Mama yangu mzazi alikuwa mochari hapa Migori, na tulitaka kumzika Rangwe, kando ya baba. Boma la Rangwe liko chini ya Bathsheba, mke mkubwa wa baba. Bila neno lake, jembe haligusi udongo.

Nikakaa Suna na simu yangu, nikaandikia jamaa wote imeli moja, kila mtu na heshima yake. Okari, mdogo wake baba, nikamwita "Baba mdogo mpendwa". Dada yangu Terry, "mrembo wetu".

Kwa Bathsheba nikakwama. Huyo mama alishawahi kumtoa mama yangu mbio na mwiko wa ugali. Nikaandika "Bi. Bathsheba", nikamweka mwisho kabisa.

Akajibu kwa simu ya binti yake: "Huyo Bi. simjui. Mkimpata, awaonyeshe mahali pa kuchimba."

Terry akaniambia nimetuchoma. Kweli nilikuwa nimetuchoma.

Nikaamua kumlilia baba mdogo. Pale pa jina la anayetumiwa imeli nikaandika "Baba", simu ikanimalizia, nikatuma bila kuangalia: "Sasa nifanye nini?"

Jibu likaingia papo hapo. Kutoka kwa baba. Baba mwenyewe, yule tuliyemzika.

"Nimetoka kidogo. La kazi, mpigieni Machuki. La nyumbani, muulizeni mama yenu Bathsheba."

Nilitupa simu kitandani. Kulipokucha nikashika njia ya Rangwe.

Nilimkuta Bathsheba anachambua mboga. Nikapiga magoti.

"Mama," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo. Nikampa simu asome.

Alisoma polepole, akapangusa macho na leso. Halafu akanishika mkono mpaka nyuma ya nyumba. Kando ya kaburi la baba palikuwa pameshafyekwa, na vijiti vimepigwa pembeni.

"Nilipapima siku ile niliposikia mwenzangu ameenda," akasema. "Nilikuwa nangoja tu mtoto wake aniite."

Nililia kama mtoto.

Baadaye Tony, mume wa Terry, alinieleza kwamba baba aliacha jibu hilo kwenye imeli yake alipokuwa akienda hospitali. Linajituma lenyewe kwa yeyote anayemwandikia. Sawa, nimekubali. Lakini "mama yenu" aliandika yeye, kwa mkono wake, na sisi tulikuwa hatujawahi kulitamka.

Ndugu zangu, msimnyime mtu jina lake la nyumbani halafu mmwombe mlango.

Jina la baba bado liko kwa simu yangu. Kulifuta siwezi, na kumwandikia naogopa. Najua atajibu.